Aliyeambiwa Ashike Mlango

Haya ninayoyaandika ni kweli tupu, tangu neno la kwanza mpaka nukta ya mwisho. Nikiongeza hata punje, vidole hivi vilivyoshona vitabu miaka thelathini na mmoja vikauke kama gundi ya juzi. Najua mtacheka. Chuoni waliniita Mzee Chumvi, wakubwa kwa wadogo, na jina hilo sikulipata kwa kupika. Niliwahi kumwaminisha mkutubi kwamba kamusi ya rafu ya juu ilimwangukia mwizi kichwani, na alipozinduka akawa anajua kusoma. Hiyo ilikuwa mizaha. Hii ya leo ilinitoa jasho mpaka kwenye nyayo, na hofu ya namna ile mtu haitungi.

Nilikuwa fundi wa kujalidi vitabu. Hakuna aliyenifundisha. Nilibomoa daftari moja la zamani, nikaliunda upya, nikalibomoa tena, mpaka likakubali. Siku ya kustaafu walinipa mkono wa heri pamoja na cheti ambacho, kusema kweli, nilikuwa nimekijalidi mwenyewe wiki moja kabla. Nikakaa nyumbani mwaka mzima nikimchosha mke wangu. Ndipo mpwa wangu, mtoto wa kike wa marehemu dada yangu, akanirudisha kazini.

Mpwa wangu anasomea udaktari, si ule wa sindano, ule wa vitabu. Chuo kilikuwa kimeanza mafunzo kwa wanafunzi wa kiume ya kuzuia ukatili wa kingono: vipindi nane, kila kimoja saa moja na nusu, kuhusu maana ya ridhaa na nini cha kufanya ukiona mwenzako anataka kumdhulumu mtu. Kila kiongozi aliyasifu. Yeye akauliza mnajuaje kama yanafanya kazi. Kijana anaweza kutikisa kichwa darasani kama mjusi ukutani, akatoka nje akafanya yaleyale. "Mjomba," aliniambia, "mimi sipimi kama wameyapenda. Napima kama kuna mtu hata mmoja amesalimika kwa sababu yake."

Mpango wake ulikuwa hivi. Mabweni ya wanaume yalikuwa manne. Mawili yakafundishwa, mawili yakasubiri zamu. Wote walijaza dodoso mara tatu: kabla ya mafunzo, mara baada ya mafunzo, na baada ya miezi sita. Jina halikuandikwa. Juu ya karatasi kila mtu aliweka alama yake ya siri, yaani herufi mbili za mwanzo za jina la mama yake, tarehe aliyozaliwa, na idadi ya ndugu waliomtangulia. Kwa alama hiyo madodoso matatu ya mtu mmoja yaliweza kukutanishwa bila mwenyewe kujulikana. Ungefikiri wamebuni njia ya kumshika mtu kivuli bila kumgusa.

Mimi nilipewa ulinzi wa sanduku. Tulikaa katika stoo yangu ya zamani nyuma ya maktaba, penye mashine yangu ya kukatia karatasi, harufu ya gundi iliyogoma kuondoka, na dirisha moja linalotazama ua. Sanduku nililiunda kwa mikono yangu, mbao nyembamba za majalada zilizovikwa kitambaa cheusi, tundu juu, kufuli mbele. Ufunguo alikaa nao mpwa wangu, akilifungua kila Jumatatu. Sharti lilikuwa moja, nisisome. Nikala kiapo. Sikumwambia kwamba fundi aliyeunda sanduku anajua pia jinsi kitako chake kinavyoteleza.

Wa tatu wetu alikuwa binti wa takwimu. Ndiye aliyegawa madodoso mabwenini, na ndiye aliyeingiza majibu kwenye kompyuta, vidole vikikimbia huku anacheka peke yake. Aliniita Babu, nami nililipa cheo hicho kwa hadithi. Mara moja nilipitiliza. Wenzake walimwalika matembezi ya mchana, nami sikutaka kubaki na mashine pekee, nikamwambia njia ile ina mbwa mwenye kichaa aliyekwisha kula kiatu cha polisi, na polisi mwenyewe akakimbilia mtini. Akaacha kwenda. Alipogundua hakuna mbwa wala mti, hakunisemesha siku mbili.

Kitu kingine nikitaje hapa, maana kitarudi. Karibu na dirisha kuna stuli moja nisiyopenda mtu aikalie. Huwa nawaambia wageni mguu wake ni mbovu.

Basi, mzunguko wa tatu wa madodoso ukafika na vijana wamechoka. Miezi sita ilikuwa imepita, hakuna aliyetaka tena kuulizwa maswali. Yakarudi mia na arobaini na sita. Msimamizi wa mpwa wangu alikuwa amemwambia wazi kwamba chini ya mia na sitini utafiti hauna uzito, ataanza upya. Jumatatu ndiyo ilikuwa siku ya kufunga. Nilimkuta mpwa wangu stoo, amekaa juu ya bunda la karatasi, machozi yakimtiririka bila sauti. Nilimwona vile mara ya mwisho siku tuliyomzika dada yangu.

Mimi na machozi ya mtoto yule hatujawahi kuelewana. Ukutani binti wa takwimu alikuwa amebandika orodha ya alama ambazo hazijarudi. Nikachagua kumi na nne. Nikakusanya kalamu za kila aina, nyingine nikaandika kwa mkono wa kushoto, na kwa siku nne nikawa vijana kumi na wanne. Nakiri nilifurahi. Mmoja nilimpa haya. Mmoja nikampa kigugumizi, sijui kwa nini, maana dodoso halina sauti. Swali la kumi na saba linauliza, "Umewahi kuhisi mtu yuko hatarini, ukaendelea na shughuli zako?" Wote kumi na wanne wakajibu Hapana, bila kusita. Na ili kundi lisionekane limeshuka kutoka mbinguni, mmoja nikamfanya mbaya. Kwenye nafasi ya mwisho, pale panapouliza kama kuna jambo jingine ungependa kusema, nikamwandikia: "Masomo yenu ni ya watoto. Mimi nachukua ninachotaka."

Nikaona limekaa vizuri. Kisha nikayakunja yote mara tatu, nikipitisha ukucha wa gumba kwenye kila kunjo kama nilivyokunja karatasi maisha yangu yote, nikayasukuma ndani kupitia kitako cha sanduku. Yakabaki mawili ya mwisho, wino haujakauka.

Jumamosi saa saba mchana nilikwenda kuyamalizia hayo mawili. Chuo kilikuwa kimya, bomba la uani likidondosha tone moja moja. Nikatelezesha kitako. Pamoja na karatasi nyingine kikaniangukia mapajani kitu kidogo kama kidonge kilichofungwa. Ilikuwa karatasi iliyokunjwa na kukunjwa tena mpaka isikubali zaidi. Ilikuwa imepita kwenye tundu jana yake, bila shaka, maana juzi haikuwepo.

Sikuwa na ruhusa ya kuifungua. Nikaifungua.

Vijisanduku vya majibu vyote vilikuwa vitupu. Juu alama ya siri, na chini kabisa, kwa herufi zilizobana kama watu waliojificha chini ya kitanda, maneno haya:

"Kesho Jumamosi saa nane wenzangu watatu wanamkaribisha dada wa takwimu nyumba ya kupanga nyuma ya karakana. Wamemwambia ni sikukuu ya kuzaliwa. Hakuna aliyezaliwa. Watatia kitu kwenye kinywaji chake. Mimi nimeambiwa nishike mlango. Kipindi cha sita mlisema tumwambie mtu. Sina mtu. Nimeiambia karatasi."

Nilisoma mara tatu, na kila mara nikitumaini maneno yatabadilika. Masikio yakawa yanavuma kama mashine ya kukatia ikiwa imewashwa, mpaka nikageuka kuitazama, nayo imezimwa. Nikaliona jambo moja, nikashindwa kuacha kuliona: sanduku lingefunguliwa Jumatatu, na karatasi hii ingepita mikononi mwa binti wa takwimu. Yeye mwenyewe ndiye angeiingiza kwenye kompyuta, kama angekuwa na mikono ya kuandikia siku hiyo.

Kisha nikaitazama ile alama. Naijua. Niliichagua ukutani Jumatano. Ndiyo alama niliyompa yule mbaya wangu.

Nikampigia binti simu. Akapokea akiwa na furaha, nyuma yake redio inaimba. Nikamwambia asiende kokote, nina sababu, nitamweleza akija. Nilijisikia ninavyosema, nikajua nasikika vilevile kama siku ya mbwa. Koo lile lile, haraka ile ile.

"Babu," akasema, "leo mbwa ana vichwa vingapi?"

Nikamwambia hakuna mbwa. Nikamwambia wale vijana wana nia mbaya, kuna karatasi. Akacheka kwa upendo kabisa, ndicho kitu kinachoniuma mpaka leo, akaniahidi kuniletea kipande cha keki, akakata. Nikapiga tena. Ikaita mpaka ikachoka. Mara ya tatu haikuita kabisa. Ningejua anapoishi ningekwenda kukaa mlangoni kwake kama mkeka, lakini alikuwa amehamia chumba kipya wiki ile, na mimi, badala ya kumuuliza ni wapi, nilikuwa nimemsimulia habari za nyumba yenye ngazi inayopanda yenyewe.

Mpwa wangu alikuwa maktaba, ghorofa ya juu. Zile ngazi nilizipanda nikishika ukuta. Alipoona karatasi mkononi mwangu kitu cha kwanza alichouliza ni nimelifunguaje sanduku. Nikamwambia asome kwanza. Akasoma. Akaiweka mezani, akaniangalia machoni.

"Mjomba, niambie sasa hivi. Umeiandika wewe?"

Nikaapa kwa kaburi la mama yake. Hakuniamini wala hakukataa. Tukashuka stoo, akalichukua sanduku zima kama lilivyo, tukavuka ua kwenda kwa Mama Mlezi.

Mama Mlezi ndiye mlezi wa wanafunzi wote, mwanamke mfupi mwenye sauti ya chini, na walinzi wa chuo humsikiliza yeye kuliko mkuu wa chuo. Jumamosi hukaa ofisini mpaka saa tisa. Mimi na yeye tunajuana. Nilimjalidia tasnifu yake enzi za ujana, na mwaka niliostaafu nilimwambia kuna nyoka kwenye kabati lake la mafaili, akafanya kazi kwenye korido asubuhi nzima huku mtunza bustani akichokoa mafaili kwa fimbo. Hajanisamehe wala sijamwomba.

Akaisoma ile karatasi akiwa amesimama. Saa ya ukutani ilisema saba na dakika arobaini. Akampigia binti, simu imezimwa. Akasema nyumba ile iko nje ya uzio wa chuo, ni ya mtu binafsi, na akiingia na walinzi juu ya watu wanaokula keki, ataharibu jina la vijana watatu na la msichana pia. Anahitaji kujua kama mwandishi ni mtu wa kweli. Akamuuliza mpwa wangu kama alama ile imewahi kuonekana.

Mpwa wangu akafungua kompyuta yake. Alama ipo, mzunguko wa kwanza na wa pili, kijana wa bweni lililofundishwa. Majibu yake ya awali yalikuwa ya kawaida. Nikapumua. Kisha akasema ngoja, tuone kama mzunguko wa tatu amejaza nyingine, akatoa ufunguo, akafungua kufuli, akaanza kupekua. Nilitamani sakafu ifunguke kama kitako cha lile sanduku.

Akaipata. Akaisoma kwa sauti, maana hakujua anasoma nini: "Masomo yenu ni ya watoto. Mimi nachukua ninachotaka."

Mama Mlezi akaziweka karatasi mbili sambamba juu ya meza. "Alama moja," akasema, "wiki moja, karatasi mbili. Huku anatamba, huku analia. Huyu ama anatuchezea, ama..." Hakumaliza. Aliiinua ile ya majigambo, akapitisha kidole kwenye kunjo lake, polepole, kama mtu anayepapasa kitambaa anachokijua. Kisha akaniangalia mimi.

Saa saba na dakika hamsini na tano.

Nataka mjue nilivyokuwa, kwa sababu watu wakisimulia mambo haya husema waliamua bila kufikiri. Mimi nilifikiri. Niliona nikinyamaza, zote mbili zitaonekana utani wa mwanafunzi mmoja, na mpwa wangu atabaki na mia na sitini zake, na labda kule kwenye nyumba ni keki kweli. Labda. Nililing'ang'ania neno hilo kama mtoto anayeng'ang'ania sketi ya mama yake. Mpwa wangu alikuwa bado anazitazama karatasi, uso umekunjamana, anatafuta maelezo ya kunitoa mimi humo.

"Hiyo ya majigambo ni yangu," nikasema.

Nikaendelea kabla ulimi haujageuka. Nikasema ziko kumi na nne, mbili bado ziko mfukoni mwangu. Nikazichomoa zile nyingine sandukuni moja moja, sikuhitaji kuzisoma, kunjo la ukucha lilitosha, nikazipanga mezani kama karata. Nikawaambia alama nilizitoa ukutani. Nikawaambia yule kijana wa kweli sijui ni nani, ila nimemwekea mdomoni maneno ambayo hakuyasema, na sasa anaposema ya kwake mnashindwa kumsikia kwa sababu yangu. Ile ndogo, nikasema, iangalieni ilivyokunjwa. Fundi hakunji hivyo hata akilewa. Hivyo hukunja mtu anayetaka karatasi ipotee na isipotee.

Mpwa wangu aliuliza neno moja tu. "Zote?"

"Zote, mwanangu."

Akazikusanya zile kumi na mbili, akapokea na zile mbili za mfukoni, akazigonga mezani zikae sawa. Nilimwona akihesabu kimoyomoyo, miezi sita, mwaka. Kisha akamgeukia Mama Mlezi. "Basi ndogo ni ya kweli," akasema. "Twende."

Mama Mlezi alikuwa tayari anaongea na walinzi.

Tulitoka kwa mguu, maana kwa barabara ya magari ni mzunguko mrefu. Tukapita karakana, mabati na vyuma vimelala juani, fundi mmoja anachomelea bila kutuangalia. Hapo mimi nikawaacha wote nyuma. Miguu ilikumbuka ujana. Nikaruka mtaro, nikafika kwenye ile nyumba wa kwanza, nikamsukuma kando kijana aliyesimama mlangoni, nikaupiga mlango teke moja, komeo likaruka mpaka

Hapa kuna mstari mwekundu. Mpwa wangu husoma kila ukurasa wangu kabla haujatoka nyumbani, ndiyo masharti tuliyowekeana, na hapa ameandika pembeni: "Teke, Mjomba? Na kile kiapo cha mwanzo?"

Haya. Vidole havijakauka, lakini navitazama kwa wasiwasi.

Ukweli ni kwamba nilikuwa wa mwisho. Mtaro niliuzunguka. Nilipoiona ile nyumba, kuta za chokaa, pazia la kijani limevutwa mchana kweupe na muziki unapigwa ndani kwa sauti kubwa kuliko inavyohitaji keki, nikasimama. Nikashika nguzo ya uzio kwa mikono miwili. Sikuweza kusogea hata hatua. Kwa hiyo nilichokiona nilikiona kwa mbali, kama mita ishirini, na ndivyo kilivyokuwa.

Mlangoni alisimama kijana mwembamba, mkono wake kwenye kitasa nyuma ya mgongo. Shati lilikuwa limemganda kwa jasho. Aliwaona wale wanawake wawili na walinzi wawili wakija, na hakukimbia wala hakupiga kelele ya kuwatahadharisha wa ndani, ingawa nadhani ndiyo kazi aliyopewa. Akautazama mkono wake kama ni wa mtu mwingine.

Mama Mlezi hakupiga mlango teke. Alisema, kwa ile sauti yake ya chini, "Mwanangu, tupishe."

Kijana akautoa mkono kwenye kitasa. Hakupisha tu, aliusukuma mlango yeye mwenyewe ukafunguka, kisha akakaa chini pale pale kwenye kizingiti.

Muziki ukazimwa. Nilisikia sauti za vijana wakicheka kile kicheko cha kujitetea, eti ni sherehe tu, mama, karibuni. Nikasubiri sauti moja. Sijawahi kusubiri kitu hivyo. Nilianza kuhesabu nondo za dirisha, nikafika saba, nikaanza upya. Ndipo binti wa takwimu akatoka amevaa gauni la njano, amekunja uso, hajaelewa, mkoba umebanwa kwapani. Alikuwa na dakika kumi tu tangu afike. Glasi yake ilikuwa mezani, imejaa, hajaigusa kwa sababu alikuwa anasubiri mwenye sikukuu apulize mishumaa, na hawakuwa wamekubaliana mwenye sikukuu ni nani. Wawili walikuwa wamejitaja kwa pamoja. Hapo, alituambia baadaye, ndipo alipoanza kuutazama mlango.

Mama Mlezi akatoka ameshika ile glasi, kiganja kimefunika mdomo wake, akaibeba hivyo njia nzima mpaka ofisini bila kumwaga tone. Ilipelekwa kupimwa. Majibu yalirudi, na wale watatu hawako tena chuoni, kesi yao iko kunakohusika. Zaidi ya hapo mpwa wangu amenikataza kuandika, naye ana haki.

Binti alinipita pale kwenye nguzo. Nilitaka kusema kitu cha kuchekesha, mazoea. Hakikutoka. Akanishika mkono akaubandua kwenye nguzo, kidole kimoja kimoja, akasema twende Babu.

Jumatatu nilisimama mbele ya kamati ya maadili ya utafiti, watu saba na jagi la maji. Mpwa wangu alinitaka nieleze kila kijana wa uongo, mmoja mmoja, nilimtungaje na kwa nini. Nilipofika kwenye kigugumizi hakuna aliyecheka. Mzunguko wa tatu ukafutwa wote, hata zile mia na arobaini na sita za kweli, maana sanduku lililofunguliwa chini si sanduku tena. Karatasi ya yule kijana nayo haimo kwenye hesabu. Siri yake ilivunjwa, haiwezi kupimwa. Mpwa wangu alinieleza hili kwa upole, na upole ule ulinichapa kuliko kelele. Ataanza tena, amesogezwa nyuma karibu mwaka. Hajaniambia amenisamehe. Amenipa adhabu, nami nimeishukuru, maana mtu aliyekata tamaa na wewe hakupi adhabu.

Adhabu yenyewe ni vipindi vyote nane. Nakaa mstari wa mbele, miaka sabini na mmoja, katikati ya vijana wa mwaka wa kwanza, na kwa kila uongo atakaoukuta kwenye maandishi haya naongezewa kipindi kimoja. Hilo teke limenifikisha tisa. Kijana wa mlangoni naye yumo darasani, alirudi mwenyewe. Hatuzungumzi. Siku moja alinisogezea kiti.

Wiki iliyopita tulifanya kipindi cha sita. Kilipokwisha nikarudi stoo kujaza dodoso, kama mwanafunzi yeyote, la kwangu la kweli, peke yangu. Binti wa takwimu alikuwa ameingia kuchukua daftari lake, na akakaa dirishani kwenye ile stuli. Alikaa kabla sijamzuia. Akaitikisa huku na huku.

"Babu, mbona mguu ni mzima?"

Nilikuwa na hadithi tayari. Nilikuwa na tatu. Nikamwambia ndiyo, mguu ni mzima, akaningojea, nami nikashindwa kuendelea, akaondoka taratibu akafunga mlango.

Nikafika swali la kumi na saba. "Umewahi kuhisi mtu yuko hatarini, ukaendelea na shughuli zako?" Nimelijibu swali hili Hapana mara kumi na nne, kwa kalamu kumi na nne.

Nikaandika Ndiyo. Nafasi haikutosha, nikageuza karatasi. Nikaandika kwamba nilipokuwa na miaka arobaini na mbili binti mmoja, mpiga chapa wa ofisi ya mitihani, alikuja hapa stoo Ijumaa mchana, akaomba akae kidogo, akakaa kwenye ile stuli. Nje uani alikuwa amesimama mkufunzi mmoja akiangalia saa yake. Nilimwona yule mkufunzi, nikamwona yule binti anavyomwona. Nikamsimulia hadithi, akacheka. Saa kumi ikafika, nikasema nafunga. Alinitazama, kisha akainuka akatoka. Jumatatu hakuja kazini, wala wiki iliyofuata, nami sikumuuliza mtu yeyote. Nikaandika pia hadithi niliyomsimulia ilihusu nini, ingawa dodoso halikuuliza.

Nilipomaliza, gumba langu likainuka lenyewe kutafuta kunjo. Nikalirudisha mezani. Nikaibeba karatasi ikiwa wazi, maandishi yakiwa juu, nikavuka ua kumpelekea mpwa wangu.